Mama Alima wa N.U.

Kwetu Goma Serikali inaitwa Leta. Wenye Kiswahili cha vitabu wakicheka, waache wacheke. Jina limetoka kwenye Kifaransa, lakini lilipofika hapa likapata maana yake kamili, kwa sababu ukiingia ofisi yoyote ya Leta neno la kwanza utakaloambiwa ni hilo hilo: leta. Leta fotokopi, leta picha nne, leta karatasi ya chefu wa kartiye, yule mkuu wa mtaa. Mwaka wa 2024, Leta ilipotangaza kwamba safari hii yenyewe ndiyo inayoleta, watu wa mtaa wetu wa Murara hawakupiga vigelegele. Walikaa wakangoja kuona.

Ilichotangaza ni hiki. Wauguzi ni wachache, wagonjwa ni wengi, na kambi za waliokimbia vita zimeuzunguka mji wote. Kwa hiyo Leta itazipa shule za uuguzi fedha zipokee wanafunzi mara mbili ya zamani, na itafungua Mfuko wa kuwakopesha wale ambao wazazi wao hawawezi kulipa masomo. Mfuko ukapangishiwa nyumba kule Katindo, nyumba ikapakwa rangi, fedha za shule nazo zikapitishwa humo humo, ndani akawekwa mtu mmoja anayeitwa Donat, na mihuri.

Kwamba wauguzi ni wachache, hatukubisha. Tuliuliza tu kama wale waliopo wamekwisha kuhesabiwa.

Kati ya waliopo alikuwemo Mama Alima. Leta ilimwajiri mwezi wa tatu wa mwaka 2005 kwenye kituo cha afya hapa Murara. Barua yake tunaikumbuka, kwa sababu siku ilipofika baba yake, mzee wa Kasongo aliyekuwa akiuza vitenge Birere, alichinja mbuzi. Barua ilisema kwamba Alima ni Nouvelle Unité, maana yake mtumishi mpya ambaye jina lake bado halijaingia kwenye mashine ya mishahara kule Kinshasa. Asubiri kidogo. Mbuzi aliliwa, na mzee aliyemchinja tulishamzika, na Alima anasubiri.

Watu wa namna yake ni wengi, walimu kwa wauguzi, na wote kwa kufupisha huandika herufi mbili: N.U. Kinachowalisha wale wa kituo cha afya ni mgawo wa pesa wanazolipa wagonjwa, na wagonjwa wenyewe hawana. Mama Alima alichanja watoto kwenye vita vya 2008. Akachanja tena kwenye vita vya 2012. Mwaka wa 2021, volkano ilipopasuka na mji mzima ukakimbilia Sake kwa miguu, yeye alibeba kisanduku cha chanjo kichwani na godoro akaliacha. Wasichana aliowapokea siku za kwanza za kazi yake sasa wanakuja kujifungua kwake. Yeye bado ni mpya.

Aliyewahi kuingia kwenye mashine pale kituoni ni mmoja tu, mzee Buhendwa, na yeye alifariki mwaka wa 2019. Mashine inaendelea kumlipa. Haijamruka hata mwezi mmoja. Tulipouliza mshahara ule unapokelewa na nani, tukaambiwa ni siri ya kazi. Tukanyamaza, kwa kuwa Buhendwa mwenyewe hakuwahi kulalamika.

Sasa, Mama Alima ana binti, Yasmini. Yasmini alipata diploma ya Leta, ile ya kumaliza sekondari, kwa asilimia sitini na nane, akafanya mtihani wa shule ya uuguzi, akapata nafasi. Baba yake, Assumani, ni dereva wa lori la Walikale. Tangu barabara ya Sake ifungwe na vita, lori limesimama kwenye uwanja mmoja kule Katoyi na kuku wanataga chini ya kiti chake. Pesa ya shule isingetoka kwa Assumani, na isingetoka kwa wagonjwa. Ilibaki Mfuko. Ambaye hatakuwa amelipiwa kufika tarehe thelathini ya mwezi wa tisa, nafasi yake inapewa mwingine. Shule ilikuwa na orodha ya waliokuwa wakingoja, ndefu kuliko orodha ya waliopata.

Yasmini akajaza fomu pamoja na mama yake. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa majina yakabandikwa kwenye ukuta wa Katindo. Jina la Yasmini lilikuwepo, na mbele yake: *Hapana. Mzazi anatumika N.U. Mapato makubwa.*

Mama Alima alilisoma, akalisoma tena, akaingia ndani.

Donat ni mtu wa Butembo, mwenye adabu, shati limenyooshwa, misa haimpiti. Alisimama kumpa kiti.

"Karibu mama yangu. Ikala."

"Papa Donat, muliandika mutoto wangu hapana."

"Siye mimi, mama. Ni sheria. Mutoto wa mutu wa Nations Unies, hii Umoja wa Mataifa, hawezi kukopa. Mufuko ni ya bamasikini. Nyinyi munalipwa dolari, magari ya mweupe inawakamata asubui ku nyumba, inawarudisha mangaribi."

"Magari gani?"

"Ile ya mweupe."

"Papa, nimetoka Murara na miguu."

"Hiyo ni kujishusha," Donat akasema. "Ni vizuri. Lakini hapa uliandika wewe mwenyewe. Kazi ya muzazi: N.U."

"N.U. ni Nouvelle Unité."

Donat akaitazama fomu. "Nouvelle tangu mwaka gani?"

"Elfu mbili na tano."

"Mama yangu, kitu ya mwaka wa elfu mbili na tano haiwezi kuwa nouvelle. Mimi nilisoma."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa ametumwa Goma mwezi wa nne, na mji huu una watu wengi wa Nations Unies. Akachukua kalamu akamwandikia kwenye kipande cha karatasi kitu kinachotakiwa: leta atestasyo ya kuonyesha kwamba hautumiki Nations Unies.

Mama Alima akaenda mpaka kwenye geti la Nations Unies. Mlinzi alikuwa kijana wa hapa hapa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hapa karatasi tunapatia mwenye anatumika. Ukitaka karatasi ya kusema hautumiki, lazima kwanza utumike, kisha bakufukuze."

"Na banaandika watu sasa?"

"Hapana, mama. Sasa banafukuza tu."

Akaenda kwenye ofisi ya watumishi wa Leta, apate karatasi ya kusema kwamba ni wao wenye kumwajiri. Karani akamuomba namba yake ya mashine. Akasema hana. Karani akafunga daftari.

"Basi hauko."

"Niko mbele yako."

"Mbele yangu, ndiyo. Ndani ya mashine, hapana. Na mimi ninatumikia mashine."

Akarudi Katindo tarehe kumi na moja. Donat alimwonea huruma kweli kweli, akafunga mlango, akateremsha sauti.

"Mama, kuna njia. Unaona hapa? Muzazi asiye na kazi. Mutoto wa mutu bila kazi anapita mara moja, hakuna swali. Unasaini kwamba hauna kazi, haukuwa nayo."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu siku zote."

"Na karatasi yangu ya elfu mbili na tano?"

Donat akajikuna shingo. "Kopi moja ya hii inaenda kwa ile ofisi ya batumishi. Batafunga dosye, ile faili yako. Itakuwa kama haikutokea."

"Myaka kumi na kenda."

"Ndiyo, mama. Na kitu moja, unisikilize vizuri. Ukisha kusaini, usiandike tena fasi yoyote kwamba uko muuguzi. Batu ya kontroli banatoka Kinshasa, banapita, banalinganisha masignature. Bakikuta yako ku karatasi ya kazi, ni uongo mbele ya Leta. Mukopo ya mutoto inakufa siku ile ile."

Mama Alima akaiomba fomu aende nayo nyumbani.

Assumani aliisoma akiwa ameiweka mbali na macho, kama dereva anavyosoma kibao. "Mimi siwezi kukuambia saini, siwezi kukuambia acha," akasema. "Kama lori ingetembea, ningeweza kusema kitu."

Yasmini alisema kwa ajili yake na ya baba yake. "Mama, acha hiyo. Nitauzisha mandazi mwaka moja, nitaingia mwaka mwingine."

"Mwaka moja," mama yake akasema. "Hata mimi baliniambia mwaka moja."

Kesho yake asubuhi akasaini. Mahali pa kazi akaandika *hana*, kwa mwandiko ule ule wa wima anaoandikia dozi za watoto ili mtu asikosee. Donat akapiga muhuri, akamhakikishia kwamba jina litatoka kwenye orodha ya pili. Kutoka hapo Mama Alima akapanda pikipiki kurudi kituoni, maana alikuwa ameacha mwanamke mmoja aliyekuwa na uchungu kwa muda wa saa nane. Mtoto alizaliwa saa sita mchana, kilo tatu na robo. Mahali pa jina la mkunga kwenye daftari hakuandika kitu.

Hapa inabidi nieleze jambo la kazi yao. Mwanafunzi wa uuguzi hawezi kwenda mbele ya watahini bila kitabu cha staji, yaani cha mafunzo ya vitendo. Ni kitabu kidogo cha jalada la bluu. Kila kidonda alichofunga, kila sindano aliyopiga, kila mtoto aliyempokea, vinaandikwa humo, na muuguzi aliyesimama karibu yake anatia sahihi. Bila sahihi, sindano ile haikupigwa. Shule ya Yasmini, kwa kuwa sasa ilikuwa na wanafunzi mara mbili, ilikuwa imetuma arobaini na wawili pale Murara. Na Mfuko, kwa kutaka mambo yawe sawasawa, ulikuwa umeweka sharti kwamba msimamizi wa staji awe na miaka kumi na tano ya kazi. Pale kituoni mwenye miaka hiyo alikuwa mmoja.

Wa kwanza kugundua alikuwa Charline, msichana mwenye mikono mizuri. Alishona kidonda cha mguu, nyuzi tano, akafungua kitabu chake.

"Mama Alima, signature."

"Siwezi."

"Nimekosea?"

"Hapana. Umeshona vizuri kunishinda."

"Sasa ni nini?"

"Sina kazi, mwanangu."

Charline akamtazama: blauzi nyeupe, glavu mkononi, wagonjwa kumi na wanne kwenye benchi. "Mama, na hii unafanya ni nini?"

"Hii ninafanya," Mama Alima akasema. "Kuandika ndiyo siwezi. Mwite yule mwenye homa."

Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu, na juma zima. Aliwafundisha kama kawaida, aliwafokea kama kawaida, akapokea watoto, na vitabu arobaini na viwili vikabaki vyeupe. Wanafunzi wakadhani ni hasira. Mmoja akamletea kuku. Kuku alirudishwa akiwa hai.

Tarehe ishirini na tano akaja Madame Léocadie, mkurugenzi wa shule. Ni mama mrefu wa miwani, aliyezoea watu kusimama akiingia. Kituoni hakuna aliyesimama, kwa sababu wauguzi walikuwa wamesimama tangu asubuhi.

"Mama Alima, hii ni mgomo?"

"Hapana, Madame. Mwenye kugoma eko na kazi, anaikatala. Mimi sina."

"Nani alikudanganya hivyo?"

"Papa Donat." Akamtolea kopi kutoka kwenye mfuko wa blauzi.

Madame Léocadie alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Alikuwa amenunua mabenchi ya wanafunzi wa mara mbili. Fungu la pili la fedha za Leta lilikuwa halitoki bila orodha ya staji zilizosainiwa, na orodha ilitakiwa Katindo kabla ya mwezi kwisha.

"Saini tu, mama. Ni nani ataona?"

"Wewe umekwisha kuona."

"Mimi sitasema."

"Na batu ya kontroli? Madame, mukopo ya mutoto wangu itakufa. Uniletee karatasi yenye inasema mimi ni muuguzi na mutoto wangu anasoma. Zote mbili, ku karatasi moja. Hapo nitasaini mpaka mkono iniume."

Madame Léocadie hakuwa na karatasi kama hiyo. Alisimamisha pikipiki barabarani, wakapanda wote wawili nyuma ya dereva mmoja, mkurugenzi katikati akishika pochi yake, muuguzi nyuma akimshika mkurugenzi, wakaenda Katindo.

Donat aliwakaribisha kwa viti. Madame Léocadie hakukaa. Aliomba dosye ya kupanua shule yake, ile iliyofanya fedha zitoke. Ukurasa wa sita ulisema: msimamizi wa staji, Alima, muuguzi, mtumishi wa Leta, uzoefu miaka kumi na tisa. Muhuri wa Donat. Akaiweka mezani, na kando yake akaweka kopi ya Mama Alima: hana kazi, hakuwahi kuwa nayo. Muhuri wa Donat.

Donat mwenyewe, kwa kuwa ni mtu mwaminifu, alikumbuka karatasi ya tatu. Akaitoa kwenye droo: mtu wa Nations Unies, mapato makubwa. Muhuri ulikuwa ule ule.

Akazipanga tatu mbele yake.

"Mama yangu," akasema, "kumbe uko banamuke batatu."

"Na wote hawalipwi."

Donat akageuka. Nyuma yake kulikuwa na makabati mawili ya chuma. "Tunaweza kufanya hivi. Hii ya shule inabaki ku kabati ya kuume. Hii ya mukopo inaenda ku kabati ya kushoto. Hakuna mutu anafungua kabati mbili siku moja."

"Batu ya kontroli?"

"Labda bao."

"Na siku batafungua, mutoto wangu atakuwa ku kabati gani?"

Madame Léocadie aliangalia saa yake. Alisema kwamba ikiwa Mama Alima hana kazi, basi wanafunzi arobaini na wawili hawakufanya staji. Ikiwa hawakufanya staji, fedha zinarudi Kinshasa. Na zikirudi, yeye ataeleza kwa barua zilirudishwa na ofisi gani. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayesoma kipimo cha joto.

"Sasa munataka niandike nini?" Donat akauliza.

"Vile viko," Mama Alima akasema. "Muuguzi wa Leta, Leta haimulipi. Mutoto wake akope."

"Hakuna kisanduku ya hiyo ku fomu."

"Andika pembeni."

Donat akashika kalamu, akaiweka chini. "Mama, unajua ile unaniomba? Nikiandika hivyo, ni kukubali."

"Kukubali nini?"

"Kwamba unatumika na hatukulipi."

"Ni nani hajui?"

"Wote banajua," Donat akasema. "Hakuna mwenye kuandika."

Nje pikipiki zilipita. Dirishani askari wawili wa kambi walikuwa wakibishana bei ya ndizi. Mama Alima akangoja. Ana tabia hiyo kutoka chumba cha uzazi, ya kujua kwamba kuna wakati wa kusema sukuma na wakati wa kuacha.

Donat akaandika pembeni mwa fomu, mistari miwili, herufi ndogo. *Nouvelle Unité, si Nations Unies. Muuguzi wa Leta tangu 2005, bila mshahara. Akubaliwe.* Akapiga muhuri. Akaichana ile ya kutokuwa na kazi vipande vinne, kisha akapiga simu kwenye ile ofisi ya watumishi kuuliza kopi yao iko wapi. Wakamjibu kwamba haijasomwa bado, aje aichukue. Wako kwenye barua za mwezi wa pili. Kwa mara ya kwanza uvivu wa Leta ulimfaa mtu wa Murara, na ninauandika hapa ili nisisemwe kwamba naona mabaya tu.

Jioni ile Mama Alima alisaini vitabu. Hakusaini vyote. Vitatu alivirudisha, akawaambia wenyewe, "Hii sindano sikukuona ukipiga. Kesho saa moja uje upige."

Tarehe ishirini na tisa aliitwa Katindo pamoja na Yasmini kwa ajili ya mkataba. Walipofika, njia ya kuingilia ilikuwa imejaa. Habari ilikuwa imetembea: walimu, wauguzi, mkaguzi mmoja wa kilimo, wote N.U., kila mmoja na fomu ya mwanawe, kila mmoja akitaka aandikiwe pembeni. Mwanamke mmoja aliyeitwa Nyirakamana alikuwa mpya tangu mwaka 1998. Walimpisha Mama Alima bila kuambiwa.

Donat alikuwa na macho mekundu na kidole gumba cha rangi ya wino. Akamsomea Yasmini mkataba kwa sauti, kama sheria inavyotaka, kifungu kimoja baada ya kingine. Alipofika cha tisa, akasoma: "Mukopaji ataanza kurudisha deni miezi sita baada ya kupokea mushahara wake ya kwanza ya Leta."

"Rudilia," Mama Alima akasema.

Akarudilia.

"Asipoipata, ile mushahara ya kwanza?"

"Basi anangoja, mama. Na sisi tunangoja."

Mama Alima akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari.

"Hii iliandikwa na nani?"

"Na bakubwa ba Kinshasa."

"Munaongeaka nao ku simu?"

"Wakati mwingine."

"Muwaambie aksanti," Mama Alima akasema, akampa Yasmini kalamu.